Sura ya Tano: Sylvie Fréchette na Hukumu ya Barcelona

Mtu wa kwanza kujua kwamba kosa limetendeka alikuwa yuleyule aliyelitenda, naye hakulificha. Ana Maria da Silveira, mwanamke wa Brazil aliyekuwa miongoni mwa waamuzi wa uogeleaji wa ulinganifu katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona, mwezi wa Agosti 1992, alikusudia kumpa Sylvie Fréchette wa Kanada alama 9.7, mashine iliyokuwa mbele yake ikapokea 8.7, na palepale kitini alikwisha tambua na kuanza kutafuta njia ya kusahihisha. Nataka msomaji aliweke jambo hili akilini tangu mwanzo, kwa sababu kisa hiki, kila kinaposimuliwa, husimuliwa kama kisa cha mwamuzi mzembe na msichana aliyedhulumiwa, ilhali mimi nakiona kuwa ni kisa cha sheria iliyotungwa bila ya kuachiwa mlango wa mtu kukiri.

Sylvie alizaliwa Montreal, katika jimbo la Quebec, tarehe 27 Juni 1967, kwa wazazi wasemao Kifaransa. Baba yake akafariki yeye angali mtoto mdogo, na mzigo wa malezi ukamwangukia mama. Mji huo haukuwa mgeni wa mchezo aliojaaliwa kuupenda. Katika miaka ya 1920, wakati ambapo kwingi duniani mwanamke kuonekana hadharani na vazi la kuogelea lilikuwa ni jambo la kunong'onwa, wanawake wa Quebec walikwisha anza kushindana katika kile walichokiita uogeleaji wa mapambo, ambao ulichipuka katika mafunzo ya kuokoa watu majini na kuongezewa madaha. Upande wa pili wa mpaka, Mwaustralia Annette Kellerman alikwisha washangaza watu wa New York kwa kucheza ndani ya tangi la kioo, na mwaka 1934 wanafunzi wa Katharine Curtis wakaogelea kwa kufuata muziki mbele ya umati wa watu katika maonyesho makubwa ya Chicago. Kisha zikaja filamu za Hollywood za Esther Williams, zikaeneza sifa ya mchezo na papo hapo zikauachia waa lisilotoka, kwani tangu hapo mtu aliyeketi kuutazama aghalabu alidhani anatazama tamasha la maua na tabasamu. Olimpiki yenyewe iliuonyesha Helsinki mwaka 1952 kwa namna ya kionjo tu, na haikuuhesabu miongoni mwa michezo ya nishani mpaka Los Angeles, mwaka 1984.

Dharau hiyo haina msingi, na aliye na tashwishi na ajaribu mwenyewe. Kabla ya mashindano nywele hukusanywa na kufungwa kichwani, kisha hupakwa kwa brashi jelatini ya unga iliyokorogwa katika maji ya moto, tabaka juu ya tabaka, mpaka zikauke zikawa ngumu na zenye kung'aa, wala maji ya bwawa hayazitikisi. Mchezo ukiisha, mchezaji husimama muda mrefu chini ya maji ya moto akiiyeyusha na kuikwangua. Puani hutiwa kibanio kidogo cha waya, kwa sababu mwili uliopinduliwa kichwa chini huingiwa na maji puani, na mwenye busara huficha kibanio cha pili ndani ya vazi lake, maana cha kwanza chaweza kung'olewa na teke la mwenzake. Akishaingia majini harukhusiwi kukanyaga sakafu. Akitaka kusimama wima, kifua kikiwa nje na mikono hewani, hana budi kuizungusha miguu chini yake, mmoja kuume na mwingine kushoto, pasipo kusita. Akitaka miguu ndiyo iwe juu, kazi hiyo huhamia mikononi, nayo viganja hukata maji kwa mwendo wa tarakimu ya nane iliyolala, kwa haraka na kwa nguvu, na hali juu ya uso wa maji vidole vya miguu vimenyooka na havitetemeki. Muziki huusikia kwa vipaza sauti vilivyozamishwa bwawani. Na sehemu kubwa ya kazi hii huifanya hali ameizuia pumzi, kisha akitokea nje, kifua kinachoililia hewa hutakiwa kijifanye hakina haja, na uso utabasamu.

Wapo waliouliza, na mpaka leo wapo, kwamba mtu aogeleaye peke yake analingana na nani. Huulizwa kwa dhihaka, walakini jawabu lake ni jepesi: analingana na muziki, na muziki haumsubiri wala haumsitiri. Katika kundi la wanane, mguu mmoja ukichelewa kidogo huweza kupotea machoni mwa watazamaji miongoni mwa miguu kumi na sita. Katika uogeleaji wa mtu mmoja hakuna jirani wa kujificha nyuma yake. Kwa sababu hii mimi naihesabu sehemu ile kuwa ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, hata kama watazamaji waliipenda kidogo, na Sylvie Fréchette alikuwa mchezaji wa sehemu ile.

Lakini madaha ya mbele ya watu yalikuwa upande mmoja tu wa mtihani. Upande wa pili, ambao watazamaji wachache walijali kuja kuuona, uliitwa mapozi. Kila mwogeleaji alipita peke yake, amevaa vazi jeusi lisilo na pambo na kofia nyeupe, hapana muziki wala tabasamu, akasimama mbele ya jopo la waamuzi na kufanya pozi lililotajwa katika kitabu cha kanuni, polepole, kila kiungo kikipita mahali pake kilipoandikiwa. Kisha alama aliyopewa ikazidishwa kwa kiwango cha ugumu wa pozi lenyewe. Msomaji aliyepata kuhudhuria mashindano ya kusoma Kurani katika mwezi wa Ramadhani, ambapo kijana huketi mbele ya masheikh na kupunguziwa alama kwa kila herufi isiyotoka katika makhraj yake na kila mada isiyofikishwa urefu wake, atafahamu mara moja mapozi yalikuwa kitu gani: sauti nzuri haimwokoi asiyejua tajwidi. Alama za mapozi zilijumlishwa na alama za fainali, na kwa kuwa mabingwa hukaribiana sana, mara nyingi taji lilikuwa limekwisha pata mwenyewe katika asubuhi ile tupu isiyo na makofi.

Mwalimu wake alikuwa Julie Sauvé wa Montreal, ambaye alimpokea angali mtoto na kudumu naye mpaka kileleni, jambo ambalo katika michezo ya namna hii halitokei mara nyingi, kwani aghalabu walimu wa utotoni hupokonywa wanafunzi wao na timu za taifa. Mwaka 1986, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, Sylvie alitwaa nishani ya dhahabu ya mchezaji mmoja. Hata hivyo Kanada ilikuwa na malkia mwingine. Carolyn Waldo, mzaliwa wa Montreal vilevile, ndiye aliyechaguliwa kuiwakilisha nchi katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na huko akachukua dhahabu mbili, moja peke yake na moja pamoja na Michelle Cameron, kisha akastaafu. Sylvie alikuwa na umri wa miaka 21, na subira yake ilikuwa imelipwa kwa mlango kufunguka, japokuwa haukufunguliwa kwa ajili yake bali kwa kuondoka kwa aliyetangulia. Aliingia. Mwaka 1990 akaihifadhi dhahabu ya Madola huko Auckland, na mapema mwaka 1991, katika mashindano ya ubingwa wa dunia mjini Perth, Australia, akatawazwa bingwa wa ulimwengu wa mchezaji mmoja, baadhi ya waamuzi wakimpa 10 kamili, alama ambayo haina pa kuongezwa. Basi alipokuwa akijiandaa kwenda Barcelona hapakuwa na mtu yeyote mwenye kuujua mchezo aliyesitasita kumtaja katika wawili wa mbele.

Wiki moja kabla ya Michezo kufunguliwa, mchumba wake, Sylvain Lake, aliyepata kuwa mwanariadha, alijitoa uhai, na aliyemkuta nyumbani alikuwa ni Sylvie mwenyewe. Waandishi wengi wameurefusha msiba huu kuliko ilivyostahili, wakiupamba kwa maneno yatiayo machozi, na kwa kufanya hivyo wakamgeuza mtu mzima mwenye akili na azima kuwa sanamu ya huzuni. Mimi nitasema tu kwamba alizika, akafunga mizigo, akasafiri, na kwamba uamuzi wa kusafiri ulikuwa wake. Lililo dhahiri ni kwamba alifika Hispania akiwa amekwisha pungukiwa na kile ambacho nishani haikilipi, na kwamba Wakanada waliokuwa wakimfuatilia kwa televisheni walimtazama kwa moyo mwingine kabisa kuliko ule wa kutazama michezo.

Pozi lenyewe lilipewa jina la albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, nalo humtaka mwogeleaji ageuze mwili chini ya maji, asimamishe miguu juu ya uso wa bwawa, kisha ashuke, yote kwa utulivu usio na kishindo. Sylvie alilifanya vizuri. Waamuzi wakabonyeza tarakimu zao, na miongoni mwa tarakimu zilizofanana kwa ubora ikatokea moja isiyofanana na nyenzake. Da Silveira alijaribu kuirekebisha mashine, isimtii. Akamwendea mwamuzi msaidizi, mwanamke wa Kijapani, lakini Kiingereza, lugha pekee waliyoweza kukutania, hakikuwa lugha ya mmoja wala ya mwingine, na dakika za kufahamiana zilikuwa chache kuliko maneno yaliyohitajika. Na habari ilipomfikia mwamuzi mkuu, Mmarekani, tarakimu ilikuwa imekwisha tangazwa ubaoni. Kanuni ilisema alama iliyotangazwa haibadilishwi. Mwamuzi mkuu akaifuata kanuni. Kanada ikapeleka malalamiko, malalamiko yakakataliwa, na fainali ikaogelewa juu ya msingi uleule uliokwisha pinda.

Matokeo yalipojumlishwa, Kristen Babb-Sprague wa Marekani alikuwa na 191.848, na Sylvie Fréchette 191.717. Tofauti ilikuwa 0.131. Fumiko Okuno wa Japani alikuja wa tatu, mbali nyuma yao. Mtu hana haja ya kuwa mwanahesabu ili atambue kwamba alama moja nzima iliyopotea katika pozi moja, hata ikigawanywa miongoni mwa waamuzi na kupitishwa katika vizidisho vyake, ilikuwa na uzito wa kuligeuza jukwaa lote.

Hapa pana mambo mawili ambayo insafu hainiruhusu kuyapita. La kwanza ni kwamba Babb-Sprague hakufanya hila wala kosa; aliogelea, akapewa alama zake, akasimama alipoambiwa asimame, na furaha yake ilitiwa doa na jambo ambalo hakulijua lilipokuwa likitendeka. Nafasi yake ilikuwa ya ajabu zaidi kwa kuwa mumewe, Ed Sprague, alikuwa mchezaji wa besiboli wa timu ya Toronto, mji mkubwa kuliko yote wa Kanada, na miezi miwili tu baadaye Wakanada walewale waliokuwa wakinung'unikia dhahabu ya mke wakawa wanamshangilia mume katika fainali za taji la besiboli. La pili linamhusu Mbrazili. Waamuzi wa michezo ya macho wametuhumiwa kwa mengi, kwa upendeleo wa taifa, kwa makubaliano ya siri, kwa kumpa mtu alama ya sifa yake badala ya kazi yake. Na katika tuhuma zote hizo mwamuzi hunyamaza, kwa kuwa ukimya ndio ngao yake. Huyu alisema. Alisema mapema, alisema kwa mdomo wake, alisema kwa hasara ya jina lake, ambalo tangu siku ile halitajwi ila kwa kosa lile. Nikiulizwa ni nani aliyetenda haki katika bwawa lile, miongoni mwa waliokuwa na mamlaka, namtaja yeye peke yake.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo si ya kipumbavu. Kanuni ya kwamba alama iliyotangazwa haiguswi ilitungwa ili waamuzi wasije wakashawishiwa, baada ya kuona za wenzao, kuzipandisha au kuzishusha za kwao. Nani angeweza kuthibitisha kwamba mtu asemaye alikosea kidole hakubadili nia? Ni kweli. Lakini sheria inayomlinda mshindani na uongo wa mwamuzi kwa kuuziba pia ukweli wake ni sheria iliyokatika nusu, na dawa yake haikuwa ngumu: saa ya ubao ingesubiri hata sekunde thelathini, na mwamuzi angeambiwa athibitishe kabla ya dunia kuona. Hata maduka ya mtandaoni ya siku hizi mara nyingi humtaka mnunuzi abonyeze mara mbili kabla ya kukatwa fedha zake.

Sylvie alirejea Montreal na nishani ya fedha, na watu wa mji wakampokea kama aliyekuja na dhahabu, jambo ambalo ni zuri kwa moyo na halina athari yoyote katika daftari. Daftari lilikuwa mikononi mwa Shirikisho la Kimataifa la Kuogelea na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na katika Kamati hiyo Kanada ilikuwa na mtu, Richard Pound, wakili wa Montreal ambaye mwenyewe alipata kuogelea katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Huyu hakuiacha habari ilale. Alijua, kama wajuavyo mawakili, kwamba mdai mwenye haki hushindwa mara nyingi zaidi kwa kuchoka kuliko kwa kukosa hoja, na akaendelea kuuliza swali lilelile katika kila kikao kilichompa nafasi: ikiwa mwamuzi anasema alikusudia 9.7, na hakuna anayemkadhibisha, hiyo 8.7 ni alama ya nani? Hatimaye wakuu wakakubali, na wakachagua njia iliyokuwa na hekima kuliko nyingi zilizopendekezwa, yaani kutomnyang'anya Mmarekani kitu na kumpa Mkanada kilicho chake, ili dhahabu ya mchezo ule iwe na wenyewe wawili.

Mwezi wa Disemba 1993, miezi kumi na sita baada ya Barcelona, Sylvie Fréchette alivishwa dhahabu mjini kwao, katika ukumbi wa Forum, ambao kwa Wamontreal wa wakati ule ulikuwa nyumba ya mpira wa magongo wa barafuni na karibu mahali pa ibada. Wimbo wa taifa ulipigwa. Picha za usiku ule zinamwonyesha akilia na kucheka kwa pamoja. Sitaki kuipunguza thamani ya siku ile. Ila mshindi wa Olimpiki hupewa vitu viwili, nishani na saa yake, saa ile ambayo dunia yote imegeuza macho upande mmoja, na hicho cha pili hakuna kamati iwezayo kukirudisha, hata ikiwa na nia njema.

Na hapakuwa na Barcelona nyingine ya kujaribia. Baada ya 1992 wakuu wa Olimpiki waliifuta sehemu ya mchezaji mmoja, na mpaka leo haijarudishwa, ijapokuwa katika ubingwa wa dunia ingali ikichezwa. Ile ya wawili nayo ikaondolewa kwa muda, ikarejea Sydney mwaka 2000. Mapozi yalitolewa katika mashindano makubwa, na badala yake ukaja mchezo wa ufundi wenye muziki, ambao una viungo vya lazima. Katika miaka ya karibuni kanuni zimegeuzwa tena kwa ukali: waogeleaji huandika mapema orodha ya kila kitendo watakachofanya na ugumu wake, na maofisa maalumu hukagua kwa video kama kweli kimetendeka, na kisipotimia hupunguziwa alama kwa kiasi cha kuwaangusha mabingwa toka juu hadi chini. Wako wanaolalamika kwamba sanaa imegeuzwa hesabu. Mimi siwalaumu, ila nakumbuka jinsi video ilivyokosekana pale ilipohitajika.

Kwa kuwa Atlanta, mwaka 1996, ilikuwa na mashindano ya timu tu, Sylvie, ambaye alikwisha staafu, alirudi bwawani kujifunza upya jambo ambalo bingwa wa peke yake hulikuta gumu kuliko mazoezi yote, nalo ni kutoonekana: kuinua mkono kwa kiasi kilekile cha jirani, wala si kwa uzuri wake mwenyewe, na kuupunguza ustadi wake ili ulingane na wa wengine. Alikuwa na miaka 29. Wamarekani waliogelea siku ile kwa namna isiyoachia nafasi ya mabishano, wakachukua dhahabu. Kanada ikachukua fedha. Na nishani hiyo hakuna aliyeihoji.

Ajira ya mwogeleaji wa aina hii, mpaka wakati ule, iliishia hapo. Hapakuwa na ligi ya kulipwa, wala klabu za kununua na kuuza wachezaji. Mtu alivua kibanio cha pua na kwenda kufundisha watoto, au kutafuta kazi ofisini. Lakini kampuni ya sarakasi ya Cirque du Soleil, nayo ni mzaliwa wa Quebec, ilikuwa ikiandaa onyesho la majini lililoitwa "O", lililofunguliwa mwaka 1998 katika hoteli ya Bellagio, Las Vegas, juu ya jukwaa ambalo ni bwawa lenye sakafu inayopanda na kushuka. Na kwa kazi hiyo ikawahitaji watu waliojua kukaa chini ya maji na kutoka wakitabasamu. Sylvie alikuwa miongoni mwa walioitwa kuwatengeneza na kuwafundisha. Waogeleaji waliopata kusimama jukwaani Olimpiki walianza kupokea mshahara wa kila mwezi kwa ustadi uleule ambao zamani uliwapa alama tu, wakiogelea mara mbili kwa usiku mbele ya watu waliolipa kiingilio, kisha wakioga kuondoa rangi za usoni na kwenda nyumbani kulala.